Usukani Kulia

Wiki nzima napiga waipa kila nikikata kona.
Jua kali, mbinguni hakuna hata uzi wa wingu,
na fimbo mbili zinacheza juu ya kioo kikavu
zikifuta kisichokuwapo.
Indiketa iko upande wa pili.
Mimi najua. Mkono wangu haujaambiwa.

Nilikununua kwa picha kumi na mbili,
Subaru ya buluu, ya mwaka tisini na nane,
mnadani Yokohama.
Ukavuka bahari tumboni mwa meli,
ukavuka Kanada nzima mgongoni mwa treni,
ukashushwa Moncton na betri iliyokufa
na sarafu moja yenye tundu ndani ya kisahani cha majivu.
Kuna mtu alivuta sigara humu, akiwaza nini sijui.
Sarafu nimeiacha palepale. Si yangu.

Nikikuwasha, mwanamke ananisalimu kwa Kijapani.
Sentensi mbili; ya pili ina harufu ya lawama.
Nimemwitikia kwa Kifaransa, kwa Kiingereza,
juzi kwa tusi la marehemu baba.
Kesho yake asubuhi, adabu zilezile.
Nikipita kilomita mia na tano, kengele:
ting, ting, kama kijiko kwenye glasi harusini
mtu anapotaka kuhutubia,
na hotuba yenyewe haiji.

Redio yako inakomea tisini.
Stesheni zote ninazozijua zinaishi ng'ambo ya tisini.
Nimebakiwa na wanafunzi wa chuo
wanaopiga fidla na kukohoa hewani.

Na dirisha la kahawa, je! Binti ananyoosha kikombe
kuelekea kiti kitupu. Anakitazama kiti,
ananitazama mimi kule mbali nimelalia gia,
vidole vimekosa kikombe kwa shubiri moja,
foleni nyuma yangu ina honi na haina huruma.

Klachi nzito kama mlango wa chumba cha barafu kiwandani.
Turbo nayo inalala. Nakanyaga: kimya.
Nahesabu moja, mbili, halafu
dunia inavutwa nyuma kama kitambaa cha meza
na vyombo vyote vimebaki vimesimama,
moyo wangu ukiwemo.
Kwa hilo nakusamehe mengi.

Usiku natoa ufunguo, nafunga mlango, naondoka,
na injini inaendelea kunguruma,
inapoza koo lake peke yake gizani.
"Rhéal, umesahau kuizima!"
Odile Cormier, dirisha la jikoni. Kila usiku.
"Itajizima."
"Lini?"
"Sasa hivi."
Tunasubiri wote wawili, yeye na sahani mkononi.
Inajizima.
"Haya. Lala salama."

Jumamosi akaja amevaa koti, hakuomba,
akafungua mlango wa kulia
akakaa kama mtu aliyerudishiwa kiti chake kanisani.
Miaka ishirini na sita alisambaza barua
barabara ya Bouctouche, ndani ya gari
lenye usukani hukohuko kulia,
ili mkono ufike sandukuni bila mguu kushuka.
Nilikuwa nimesahau. Au sikuwahi kujali.
Nikakaa kushoto, mguu ukitafuta breki isiyokuwapo.

Waipa hakuigusa hata mara moja.
Akaambaa ukingo wa lami, kioo kimeshushwa,
na kila sanduku la bati lilipofika
mkono ukatoka wenyewe, mtupu,
ukagonga paa lake, ukarudi.
"Hapa, kadi kutoka Winnipeg kila Krismasi.
Hapa, bili tu. Hapa alikuwa anangoja mlangoni,
na sikuwa na kitu."
Kisha masanduku yakaisha, barabara ikanyooka.

Ting, ting.
"Huyu anataka nini?"
"Anataka twende polepole."
"Mwambie nimestaafu."

Akakanyaga. Kimya.
Nikashika mkanda, nikahesabu kimoyomoyo:
moja,
mbili